Namna ya kuendesha pikipiki barabara kubwa ukiwa na woga

Nauza samaki. Kila siku isipokuwa Jumapili natoka nyumbani Charambe saa kumi na nusu alfajiri, nashika Barabara ya Kilwa pale Rangi Tatu, naenda nayo mpaka Bendera Tatu, naingia mjini Dar es Salaam hadi soko la samaki la Feri. Nasimama kwenye mnada, nanunua vibua ndoo mbili, mara nyingine na changu wachache wa wateja wa oda, na saa mbili na nusu asubuhi nimesharudi Mbagala naosha samaki. Pikipiki yangu ni Boxer ya cc 150, nyekundu, niliinunua kwa mtu mwaka 2015.

Wanawake wenzangu wa kikoba huniuliza: "Dada, huogopi?" Wengi wao wanatamani kuendesha, maana nauli ya bodaboda ya kila alfajiri inakula faida yote. Nyumbani wanaambiwa watoe woga kwanza, ndipo washike usukani. Mimi nawaambia wasiutoe. Mimi nilianguka mwaka wa tatu, na siku hiyo sikuwa na woga hata chembe.

Ilikuwa Agosti 2018, narudi na mzigo, maeneo ya Mtongani. Daladala mbele yangu ilikuwa imepunguza mwendo lakini haijasimama. Nilikuwa nimezoea kupita kushoto, kati ya gari na ukingo wa barabara, kwa sababu nilishapita hivyo mara nyingi na kila mara nilifika salama. Mlango ukafunguka, akashuka mama mtu mzima na kikapu chake. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote. Tairi la nyuma likagoma kuzunguka, pikipiki ikalala, ikaburuzika. Usukani ulimpiga yule mama kwenye nyonga. Aliumia, lakini hakuvunjika. Mimi nilivunjika mtulinga wa kushoto, na miezi mitatu sikupanda pikipiki.

Nilipopata nafuu nilienda kwake kumwomba radhi. Alinishika mkono akaniuliza kitu kimoja: "Mwanangu, kwani hukuniona?" Nilimwona, mama. Nilimwona vizuri kabisa. Sikuwa na nafasi ya kusimama.

Swali la yule mama ndilo lililonifundisha kuendesha upya, na ndilo ninalowafundisha wenzangu.

Andika unachoogopa, kitu kimoja kimoja

Niliporudi kushika ufunguo, mikono ilitetemeka. Fundi wa kijiwe chetu, mzee aliyefungua injini za pikipiki tangu mimi sijaolewa, alinipa kalamu na gamba la boksi la plagi. Akaniambia, "Andika unachoogopa. Usiandike pikipiki, pikipiki ni chuma tu."

Ilinichukua muda. Mwishowe niliandika vinne: mlango wa daladala, lori likiwa nyuma yangu, kusimama ghafla nikiwa na mzigo, na kuzimika katikati ya makutano huku watu wote wananipigia honi.

Fanya hivyo na wewe kabla ya kugusa barabara. Ukisema tu "naogopa foleni" hutapata pa kuanzia, kwa sababu foleni ina mambo hamsini ndani yake. Ukisema "naogopa kuzimika kwenye mataa", hilo lina zoezi lake: klachi. "Naogopa kusimama ghafla" ina zoezi lake: breki. Lori lina mahali pa kukaa na mahali pa kutokukaa. Na utaona kwamba baadhi ya woga wako kwa kweli ni aibu. Kuzimika hakumuui mtu. Lakini mwanamke akizimika na kusikia honi nyuma yake, anawasha haraka, anaachia klachi kwa pupa, anajikuta ameruka mbele ya gari. Kwa hiyo aibu nayo iandike, uifanyie mazoezi kama mengine.

Uwanjani, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Mimi nilikaa Jumapili sita.

Nenda chuo cha udereva kwanza, upate leseni ya daraja A. Hilo ni la lazima na sitalizungumza sana. Lakini vijana wengi wanaotoka na leseni hawajawahi hata siku moja kusimamisha pikipiki kwa nguvu kwa kukusudia. Wanaijua breki siku ya ajali. Tafuta uwanja mgumu usio na mchanga mwingi, wa shule au wa kanisa au msikiti kabla watu hawajafika, na mtu mmoja wa kukuangalia. Chukua chupa sita za maji tupu. Vaa helmeti, wanayoiita elementi mtaani, ukaze mkanda wake wa kidevuni mpaka ukiivuta kwa mbele isitoke. Vaa viatu vinavyofunika vifundo.

Panga chupa mbili kama geti. Njoo kwa kilomita 30 kwa saa, na ukipita getini tu, simama. Mara ya kwanza tumia breki ya mguu peke yake. Shuka, hesabu hatua kutoka kwenye geti mpaka tairi la mbele. Mimi nilipata hatua kumi na nne. Rudi, fanya tena kwa breki zote mbili, ya mkono ikifanya kazi kubwa. Nilipata nane.

Nilikaa chini pale uwanjani nikalia. Hatua sita! Yule mama alikuwa mbele yangu kwa hatua kama kumi. Miaka mitatu nilikuwa nimeambiwa mtaani kwamba breki ya mbele inapindua watu, usiiguse. Na mimi sikuigusa.

Breki ya mbele inapindua mtu anayeikwapua. Pikipiki ikianza kusimama, uzito mwingi unakwenda mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini na linapata mshiko mkubwa. La nyuma linakuwa jepesi, ndiyo maana linagoma kuzunguka na kuteleza upesi. Sasa ukiivuta ya mbele kwa mkupuo kabla uzito haujafika, tairi linaburuzika. Ukiibana kama unavyokamua chungwa, taratibu kisha kwa nguvu zaidi na zaidi, inakusimamisha. Achia mafuta, kamua breki ya mkono, kanyaga ya mguu kidogo, bana klachi, macho mbele mbali. Ukisikia tairi la mbele limegoma, achia mara moja, kamua upya. La nyuma likigoma ukiwa umenyooka, usigeuze usukani, legeza mguu polepole. Pikipiki zetu nyingi zina breki za ngoma na hazina mtambo wowote wa kuzuia tairi kugoma. Mtambo ni vidole vyako.

Kisha rudia kwa 40. Usitegemee hatua kuongezeka kidogo tu. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya breki inazidi mara nne, na hiyo ni mbali na muda wa akili kushtuka. Kwa kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Ukishtuka kwa sekunde moja, umeshapita urefu wa basi kabla hata kidole hakijagusa breki. Ndiyo maana nikikaribia kituo chochote vidole viwili vya kulia vinakuwa tayari juu ya breki, bila kubana.

Fanya na mzigo pia. Mimi nilijaza ndoo mbili maji, nikazifunga kwa mpira wa tyubu kama ninavyofunga samaki. Pikipiki ilikuwa nyingine kabisa. Ndoo isiyo na mfuniko maji yanasukuma mbele unaposimama na kando unapokata kona. Tangu siku hiyo nafunga mfuniko, naweka mzigo chini na karibu na mgongo wangu, na uzito wa upande mmoja hauzidi wa mwingine sana.

Zoezi la pili ni kwenda polepole. Wengi hudhani kasi ndiyo inahitaji ujuzi, kumbe foleni ya Dar inataka mtu anayeweza kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, miguu ikiwa juu. Siri iko kwenye klachi. Kuna mahali katikati, ukiiachia kidogo pikipiki inaanza kuvuta. Kaa hapo. Mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi nusu, breki ya mguu ikiburuza kwa mbali. Zunguka chupa zako kama nambari nane. Macho yaende kwenye chupa inayofuata, usiitazame uliyo nayo. Ukiweza kumaliza nane kumi bila kuweka mguu chini, woga wa kuzimika kwenye mataa utakuwa umekwisha wenyewe, hutahitaji mtu akutie moyo.

Na la tatu ni kukwepa. Ukiwa kwenye mwendo, ukitaka pikipiki iende kushoto upesi, sukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele. Inashangaza mara ya kwanza, lakini ndivyo inavyolala na kugeuka. Jizoeze kwa kilomita 30 kukwepa chupa moja. Usikwepe huku umebana breki kwa nguvu: ama unasimama, ama unakwepa.

Mwili unavyosema kabla yako

Woga ukizidi, hukaa kwenye viwiko. Vinakaza, mabega yanapanda masikioni, pumzi inaisha, na macho yanashuka kwenye tairi la mbele. Hapo pikipiki haigeuki vizuri, kwa sababu umeishikilia kama unaning'inia mtini.

Mimi nikijisikia hivyo, napunga viwiko kama kuku anavyokung'uta mbawa, mara mbili tatu, natoa pumzi ndefu kwa mdomo, nabana tangi kwa magoti. Magoti yakishika, mikono inalegea. Kabla ya kuondoka nyumbani nasoma dua ya safari kwa sauti huku nagusa kimoja kimoja: tairi, breki mbili, taa, indiketa, cheni, vioo. Dua ikiisha na ukaguzi umeisha. Naamini Mungu ananilinda, na naamini pia breki nisiyoikagua mimi, hakuna mtu mwingine atakayeikagua kwa niaba yangu.

Kuhusu macho: pikipiki inakwenda unakotazama. Ukilikodolea shimo kwa hofu, utaingia shimoni, nimeona kwa watu wazima wenye uzoefu. Ukiliona shimo, liache, tazama lami nzuri iliyo kando yake. Vivyo hivyo na lori linalokuja: tazama nafasi yako.

Kurudi barabarani kidogo kidogo

Usianze na Barabara ya Kilwa saa moja asubuhi. Anza na barabara ya mtaa Jumapili, halafu kipande kimoja cha barabara kubwa, kituo kimoja kwenda na kurudi. Mimi wiki ya kwanza nilikwenda Rangi Tatu hadi Zakhem tu. Wiki ya pili nikaongeza. Kila siku nilijiongezea jambo moja jipya: leo giza, kesho mzigo. Sikuweka giza na mzigo na mvua siku moja.

Mwombe mtu unayemwamini atangulie mbele kwa pikipiki yake wewe ukifuata. Asiwe kijana anayetaka kukuonyesha ufundi. Mimi alinitangulia mpwa wangu, na nilimwambia mapema, "Ukitanua, mimi sikufuati." Maana kutanua, kupita nje ya lami kwenye vumbi la watembea kwa miguu, ndiko kunakotufundisha wote tabia mbaya. Vilevile njia ya mwendokasi. Iko wazi, inavutia, na si yetu. Basi likikukuta humo hakuna pa kukimbilia, kuna ukingo wa zege huku na huku.

Katikati ya magari

Sasa daladala, kwa kuwa hiyo ndiyo yangu. Usimwangalie dereva wala indiketa, angalia konda. Konda akining'inia mlangoni na mguu mmoja nje, akigonga bodi, gari linasimama, popote pale, kituo kiwepo kisiwepo. Abiria aliyesimama ukingoni na mkono juu ni indiketa ya daladala. Dereva amemwona kabla yako na atamfuata. Mlango uko kushoto, watu wanashukia kushoto, kwa hiyo kushoto kwa daladala si njia. Kaa nyuma, umbali wa kuhesabu: gari la mbele likipita nguzo, sema "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, ongeza hesabu ya tatu na ya nne.

Watasema, "Ukiacha nafasi hiyo, wengine wanachomekea." Ni kweli, wanachomekea. Achia mafuta kidogo, ijenge tena. Mimi wananichomekea kila siku, na Feri nafika kabla mnada haujaisha.

Malori yanatoka bandarini yakiwa na makontena, na pale ambapo Barabara ya Mandela inakutana na ya Kilwa yanageuka kwa wingi. Semi ikigeuka kushoto, kichwa kinakwenda kulia kwanza kutafuta nafasi, halafu mkia unakata kona na kufagia ukingo. Mtu mwenye pikipiki anaona nafasi imefunguka kushoto, anaingia, na nafasi inajifunga. Usiingie. Hata kama kila bodaboda anaingia. Kipimo ni hiki: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Mbele chini ya pua ya lori pia hakuoni, kwa hiyo kwenye mataa usijipenyeze ukasimama pale. Likiwa nyuma yako na limekukaribia, usijaribu kulikimbia. Washa indiketa mapema, sogea, lipite. Nilikuwa naona ni kushindwa. Sasa naona ni kuchagua kwamba lori liwe mbele yangu ambako naliona.

Makutano yana hatari yake ya peke yake: gari linalotoka mbele yako na kukata kulia. Dereva anakuona kitu chembamba chenye taa moja, anadhani uko mbali, anakata. Washa taa hata mchana. Ukikaribia, achia mafuta, vidole kwenye breki, na tazama tairi lake la mbele. Tairi huanza kusogea kabla ya bodi. Uso wa dereva unaweza kukutazama na bado asikuone. Kwenye kipilefti, mpe nafasi aliye ndani tayari anayetoka kulia kwako, na usikae ubavuni mwa gari lolote linalozunguka.

Foleni ikisimama kabisa, kupita katikati ya mistari ya magari ndiko sote tunakofanya, na sitajifanya sifanyi. Lakini napita magari yakiwa yamesimama, kwa mwendo wa kutembea, miguu juu, na magari yakianza tu kusogea narudi nyuma ya gari moja na kukaa hapo. Hatari ni dakika ile ya kuanza kusogea, kila mtu anabadilisha mstari. Nikiona pengo kubwa lisilo na sababu mbele ya gari lililosimama, nasimama na mimi. Kuna mtu anavuka: mtoto wa shule, mama na mzigo kichwani, mwenye mkokoteni. Dereva amempisha, wewe humwoni.

Halafu honi. Honi ya nyuma haijui kilicho mbele yako. Ukiwa umesimama kwenye zebra na watu wanavuka, na mtu nyuma anapiga honi, kaa. Fanya zoezi hili kwa makusudi: siku ukiwa na utulivu, honi ikipigwa, hesabu moja mpaka tatu, tazama kushoto na kulia, ndipo uondoke. Baada ya wiki chache honi itakuwa sauti kama sauti nyingine za mjini.

Nguo na abiria

Hili wanaume hawaliandiki. Dera, khanga, baibui na mtandio vinaingia kwenye cheni na spoku, na vinamvuta mtu chini kabla hajajua kuna nini. Mimi navaa suruali, juu yake gauni fupi la magotini, mtandio nafunga kwa nyuma na kuuchomeka ndani ya koti. Ukipakia mwanamke, usiwashe kabla hujatazama nguo yake iko wapi. Mwambie, "Shoga, kusanya dera lako ulikalie." Akitaka kukaa upande, mweleze kwamba mizani inakwenda upande mmoja, na kwamba breki ikibanwa hana cha kushika. Wengi wanaelewa ukiwaambia kwa upole. Asiyetaka, simchukui.

Helmeti na yeye avae. Abiria mmoja, mshikaki hapana, hata kama ni watoto wawili wadogo wa dada yako.

Mvua na giza

Mvua ya kwanza ya vuli ndiyo mbaya kuliko zote. Miezi ya vumbi na mafuta yaliyomwagika inaloweshwa kwa dakika chache, lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Kama unaweza, simama chini ya kibanda nusu saa ya kwanza. Michoro myeupe ya zebra na mifuniko ya chuma vikilowa vinateleza. Vipite umenyooka, bila breki. Maji yaliyotuama usiyaingie kama huoni chini. Nimeshaona pikipiki ya jirani ikimezwa nusu kwenye mtaro usio na mfuniko, mahali alipopita jana yake pakiwa pakavu.

Alfajiri ogopa magari mabovu yasiyo na taa. Ukiona matawi ya miti yametupwa barabarani, punguza mara moja, gari limekufa mbele. Na yasipokuwepo matawi, endesha mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya mwanga wa taa yako. Jizoeze kujua mwanga wako unafika hatua ngapi. Wangu hafifu, kwa hiyo giza likiwepo sizidi 40.

Ukishazoea

Utafika wakati utaendesha bila kufikiri, na ndipo nilipokuwa mimi Agosti ile. Kwa hiyo nina alama zangu za kujikamata. Nikifika Feri na sikumbuki nilipitaje Mtongani, nimeendesha nikiwa nimelala macho wazi. Nikigundua vidole havikuwa kwenye breki karibu na kituo. Nikijibu simu hata mara moja. Nikianza kuwakasirikia madereva kwa majina ya wanyama, maana hasira inaniweka kwenye ugomvi na siyo kwenye barabara. Nikiona alama mbili katika wiki moja, Jumapili narudi uwanjani na chupa zangu, napima hatua upya. Mara ya mwisho zilikuwa tisa badala ya nane. Fundi akafungua ngoma ya mbele, brekishu zilikuwa zimeisha.

Na kuna siku siendeshi. Nikiwa sijalala kwa sababu ya mtoto mgonjwa, nikiwa nimegombana nyumbani, nikiwa natumia dawa za mafua zinazoleta usingizi. Siku hizo napanda daladala, napata faida kidogo au sipati kabisa.

Sasa hivi namfundisha mwenzetu mmoja wa kikoba, anauza mboga. Jumapili iliyopita alisimama kwa hatua kumi na moja kwa breki zote mbili, akashuka, akanitazama, akasema bado anaogopa mlango wa daladala. Nikamwambia vizuri, Jumapili ijayo mpwa wangu atakaa pembeni ya geti la chupa na kikapu, naye atakuja kwa 30, na kijana ataamua mwenyewe lini anakirusha kile kikapu mbele yake.